Trieste nilipoiacha wazi

Mchezo wa Diplomacy ulianza miaka ya 1950 na bado unawakalisha watu saba mbele ya ramani ya Ulaya ya mwaka 1901. Hauna dadu wala karata. Una maneno, na mwandishi wetu ameyaonja.

Jumapili saa nne usiku Mwitaliano aliniandikia kwamba nisiwe na wasiwasi na jeshi lake lililokaa Venice. Lilikuwa pale, alisema, kwa sababu halikuwa na pa kwenda. Akaongeza kwamba hajapata mshirika wa kuelewana naye kama mimi, na kwamba tukishawamaliza Waturuki tutagawana Mashariki kidugu.

Nilimwamini. Nikaandika amri zangu za Vuli ya mwaka 1902: jeshi la Budapest liingie Romania, majeshi ya Serbia na Galicia yaliunge mkono, la Vienna lisogee Budapest kuziba pengo. Trieste, bandari pekee ya nyumbani kwangu, sikuweka mtu. Niliiacha wazi makusudi, ili jirani yangu asipate sababu ya kuniogopa.

Kesho yake saa tatu usiku amri za wachezaji wote saba zilifunguliwa kwa pamoja. Romania nilikuwa nimeipata. Trieste ilikuwa imekwenda. Jeshi lile lisilo na pa kwenda lilikuwa limepata pa kwenda.

Kwa hesabu ya vituo vinavyolisha majeshi sikupungukiwa. Nilianza mwaka na vitano, nikaumaliza na vitano. Lakini sasa adui alikuwa sebuleni, anazitazama Vienna, Budapest na Serbia kwa zamu, na majeshi yangu yote yalikuwa yameelekea mashariki, kule tulikokubaliana yaende. Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Yule mtu simjui jina wala sura, wala nchi anayoishi. Hata hivyo usingizi haukuja.

Mhariri aliponipa kazi ya kuandika kuhusu Diplomacy, nilimwambia siwezi kuuandika mchezo nisioucheza. Nilijiunga na mchezo unaoendeshwa kwa intaneti, saa 48 kwa kila awamu, nikapangiwa Austria. Mpaka leo ninapoandika, mchezo haujaisha. Nimejifunza kwamba swali linaloulizwa na kila anayeuona kwa mara ya kwanza, kwa nini watu wazima wakae wakidanganyana, si swali lenyewe. Swali lenyewe ni kwa nini tunaaminiana, hata pale kila mtu anapojua kwamba mshindi ni mmoja.

Mpeleka barua wa Illinois

Aliyeubuni ni Allan B. Calhamer, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1931 na kukulia La Grange, mji mdogo kando ya Chicago. Utotoni alikuta darini kitabu cha zamani cha jiografia chenye ramani ya Ulaya isiyokuwapo tena, Ulaya ya milki za Austria-Hungaria na Osmani. Alipofika Chuo Kikuu cha Harvard alisoma historia kwa Profesa Sidney B. Fay, aliyeandika kitabu kikubwa kuhusu chanzo cha Vita Kuu ya Kwanza. Ramani ya darini na somo la darasani vikakutana kichwani mwake.

Mwaka 1954 mchezo ulikuwa umeshapata umbo. Kampuni kubwa za michezo hazikuutaka, kwa hiyo mwaka 1959 Calhamer akachapisha nakala 500 kwa gharama zake mwenyewe.

Wakati huo tatizo lilikuwa jingine. Ni wapi utawapata watu saba wenye siku nzima ya kukaa meza moja? Mwaka 1963 John Boardman, mwanafizikia wa Brooklyn, alileta jibu. Alianza kuendesha mchezo kwa posta kupitia jarida lake dogo liitwalo Graustark. Wachezaji wa miji mbalimbali waliandikiana barua za siri, wakatuma amri zao, kisha wakasubiri jarida liwafikie ndipo wajue nani kawageuka. Mchezo wa meza moja, ambao ungeisha jioni, sasa ulichukua miezi, mara nyingine miaka. Mtu aliweza kubadili kazi, kuoa na kupata mtoto huku manowari yake ikiwa ingali inalinda bahari ileile.

Calhamer mwenyewe, kwa miaka mingi, alikuwa mpeleka barua hukohuko Illinois. Sijui kama kuna mtu mwingine aliyebuni mchezo ukaenea kwa barua, naye akawa anazisambaza barua za watu nyumba hadi nyumba. Alifariki dunia Februari 2013 akiwa na umri wa miaka 81.

> Jeshi moja haliwezi kulitoa jeshi moja. Ili ulitoe, lazima uwe na jeshi la pili la kukuunga mkono.

Hesabu inayomlazimisha mtu kusema

Kanuni zake ni chache. Dola ni saba: Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Italia, Austria, Urusi na Uturuki. Kila moja inaanza na vikosi vitatu, isipokuwa Urusi yenye vinne. Ramani ina vituo vya ugavi 34. Kila kituo kinalisha kikosi kimoja, jeshi la nchi kavu au manowari. Atakayefikisha vituo 18 ameshinda.

Kila mwaka wa mchezo una awamu mbili, Machipuko na Vuli. Kabla ya kila awamu wachezaji huzungumza, wawili wawili kwa faragha au wote kwa pamoja, na hakuna ahadi inayomfunga mtu. Kisha kila mmoja huandika amri zake kwa siri, na zote hufunguliwa kwa wakati mmoja. Hakuna anayecheza kwanza, hakuna anayecheza mwisho.

Siri ya mchezo iko kwenye jambo dogo. Vikosi vyote vina nguvu sawa. Jeshi moja haliwezi kulitoa jeshi moja mahali pake. Yakigombea eneo moja, yote mawili yanarudi yalikotoka. Ili upite lazima uwe na jeshi la pili la kukuunga mkono, na adui naye anaweza kuungwa mkono. Dola yenye vikosi vitatu ikiivamia jirani yenye vitatu, zitasukumana mpaka kuche bila hatua hata moja. Ndiyo maana lazima useme na mtu. Anayenyamaza hafiki popote.

Kwenye bao kete zote ziko machoni pa kila mtu, na mchezaji stadi anaweza kushinda bila kufungua kinywa. Huku, mchezaji stadi asiyejua kuzungumza ni marehemu wa mwaka 1903.

Ukuta mmoja wa chumba

Miungano ya Diplomacy haizaliwi na mapenzi. Inazaliwa na ramani, na hapo ndipo Calhamer alipoonyesha ufundi wake.

Chukua Bahari Nyeusi. Urusi ina manowari Sevastopol, Uturuki ina yake Ankara, na zote mbili zinaweza kuingia bahari hiyo kwa hatua moja. Atakayeingia peke yake amemshika mwenzake koo. Kwa hiyo usiku wa kwanza kabisa wa mchezo, Mrusi na Mturuki lazima wakubaliane: tuiache tupu, au tuingie wote ili tugongane na kurudishana? Wakielewana wakawa kitu kimoja, wanakuwa muungano ambao wachezaji wameupa jina la Juggernaut, na dola nyingine zote hushikwa na hofu. Mmoja akisema tuiache tupu huku moyoni anapanga kuingia, mchezo mzima umeshageuka kabla ya mwaka wa kwanza kuisha.

Au chukua Sweden. Mrusi anaitaka, na njia yake iko wazi. Lakini Mjerumani akishaingia Denmark anaweza kugombea Sweden, si kwa kuihitaji, bali kwa kumnyima Mrusi tu. Kwa hiyo Mjerumani anayo bidhaa ya kuuza ambayo hata haimo mfukoni mwake: ahadi ya kutofanya kitu.

Lakini hakuna pagumu kama pale nilipokuwa mimi. Katika ramani nzima, Venice na Trieste ndivyo vituo pekee vya nyumbani vya dola mbili tofauti vinavyopakana tangu mwanzo. Italia na Austria ni kama familia mbili zilizogawana nyumba moja ya kupanga, ukuta mmoja katikati ya vyumba vya kulala. Kila mmoja anamsikia mwenzake akikohoa.

Wachezaji wa miaka mingi wamegundua dawa yake, nao wameiita Lepanto, kwa kumbukumbu ya vita vya majini vya mwaka 1571 ambapo meli za Kikristo ziliwashinda Waosmani. Mwitaliano anaiacha Austria salama, anapeleka manowari zake Mediterania ya Mashariki, anapitisha jeshi baharini mpaka Syria, huku Mwaustria akishuka Balkani. Uturuki inabanwa pande mbili. Ni mpango mzuri sana, na ndio tuliokubaliana. Mwaka 1901 Mwitaliano aliingia Tunis kama alivyosema. Majira ya baridi akaunda manowari Naples kama alivyosema. Katika Machipuko ya 1902 manowari iliyotakiwa kwenda Mediterania ya Mashariki ikabaki Bahari ya Ionia. Aliniomba radhi, akasema aliandika amri kwa haraka.

Nikisoma upya jumbe zetu sasa, hapo ndipo nilipotakiwa kuamka. Manowari iliyobaki Ionia si kosa la kalamu. Ilikuwa inamngojea nani?

Kismayu haimo kwenye ramani

Nilipopoteza Trieste nilikwenda kusoma historia ya kweli, nikakuta kwamba Mwitaliano wangu hakubuni kitu.

Mwaka 1882 Italia, Ujerumani na Austria-Hungaria zilitia saini Muungano wa Pande Tatu. Vita vilipoanza mwaka 1914, Italia ilisema muungano ule ulikuwa wa kujilinda, na kwa kuwa Austria ndiyo iliyoanza, yenyewe haimo. Ikakaa kando. Kumbe mazungumzo yalikuwa yakiendelea upande wa pili. Tarehe 26 Aprili 1915 Italia ilitia saini mkataba wa siri mjini London na Uingereza, Ufaransa na Urusi. Miongoni mwa ilivyoahidiwa ni mji wa Trieste. Chini ya mwezi mmoja baadaye, tarehe 23 Mei, ilitangaza vita dhidi ya mshirika wake wa miaka 33.

Nilidhani habari inaishia hapo. Haikuishia. Ndani ya mkataba ule kulikuwa na kifungu kinachohusu Afrika: Uingereza na Ufaransa zikiongeza makoloni kwa kuinyang'anya Ujerumani, Italia nayo ilipwe fidia ya haki, hasa kwenye mipaka ya Eritrea, Somalia na Libya.

Makoloni ya Ujerumani, yaani pamoja na yetu. Vita vya mashariki mwa Afrika vilipiganwa kutoka Agosti 1914 mpaka Novemba 1918, na mizigo yake ilibebwa vichwani na mabegani. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa kwa njaa, kuhara na uchovu. Jina la kikosi chao kwa Kiingereza ndilo lililozaa Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, na wengi tunaonunua vitenge huko kila wiki hatujui tunalitaja kaburi.

Baada ya vita Uingereza ikaichukua Tanganyika. Italia ikakumbusha ahadi yake. Mwaka 1925 Uingereza ikakata Jubaland kutoka koloni la Kenya, pamoja na Kismayu, ikaikabidhi Italia. Wabajuni wa Kismayu na visiwa vyake, wenye Kiswahili chao na majahazi yao, wakajikuta chini ya bendera nyingine, na ndugu zao wa Faza na Lamu wakabaki ng'ambo ya mpaka. Hakuna aliyewauliza. Deni lilikuwa la London na Roma. Wao walikuwa malipo.

> Mwaka 1925 Kismayu ilikatwa kutoka koloni la Kenya ikakabidhiwa Italia, kulipa kugeuka kwa mwaka 1915.

Ramani ya Calhamer inaishia Afrika Kaskazini. Tunis ni kituo cha ugavi, kimojawapo kati ya 12 visivyo na mwenyewe mwanzoni. Tunapokichukua tunasema "nimekula Tunis", na mimi nimewahi kusema hivyo kwa kicheko. Tangu niliposoma habari za Kismayu, neno hilo linanikwama kooni. Mchezo hauna kosa. Unaonyesha kwa uaminifu namna watawala wale walivyofikiri. Lakini anayeucheza huku akitoka upande wetu wa dunia anacheza na kitu ambacho babu yake aliwahi kukibeba.

Wanaogeuka na wasiogeuka

Wachezaji wenyewe wana ugomvi wao wa miaka mingi, na si ugomvi mdogo.

Kundi moja linashikilia kwamba lengo ni vituo 18 na mshindi ni mmoja, kwa hiyo kila muungano una tarehe ya mwisho tangu siku ulipoanza. Asiyekuwa tayari kumgeuka mwenzake wakati ukifika hachezi Diplomacy. Anapiga soga juu ya ramani. Kwao, kugeukwa si tusi. Ni taarifa kwamba ulikuwa na thamani ndogo ukiwa rafiki kuliko ukiwa windo.

Kundi la pili linasema anayegeuka mapema anapata kituo kimoja na kupoteza mchezo mzima. Neno lake halina tena mnunuzi. Watu watano waliobaki wamemwona, na kila atakachoahidi kitapimwa kwa alichofanya. Wachezaji wa aina hii huweza kushikamana wawili kutoka 1901 mpaka mwisho, wakaondoka na sare, nusu mkate kwa kila mmoja, bila majuto.

Nilidhani ningelipenda kundi la pili moja kwa moja, baada ya yaliyonipata. Sivyo. Muungano wa kudumu una dhuluma yake pia. Wawili wakiwa wameapizana tangu mwanzo, watano waliobaki wanacheza bure. Na ubaya unaongezeka pale kiapo kinapotoka nje ya meza: marafiki wa siku nyingi, au mume na mke, wanaoshirikiana kila mchezo hata pale ramani inapowaambia wasishirikiane. Jumuiya za wachezaji zinapiga vita jambo hilo, na wanaocheza bila majina wanafanya hivyo kwa sehemu kubwa ili kulizuia. Mchezo unataka kila mtu awe huru kukukataa. Bila uhuru huo, hata kukubali kwake hakuna maana.

Hata namna ya kuhesabu pointi inabadili tabia za watu. Kwenye mashindano ambayo sare hugawanywa sawa kwa wote waliosalia, mwenye kituo kimoja anapata sawasawa na mwenye vituo 15, kwa hiyo wakubwa wanaungana kuwafuta wadogo ili mgao uwe mnono. Kwenye mashindano yanayohesabu wingi wa vituo, mkubwa hana haja ya kukufuta. Anahitaji tu kukuzidi, na hapo washirika wawili wa miaka kumi huanza kutazamana kwa jicho la pembeni. Watu ni walewale na ramani ni ileile. Badili tu mstari mmoja wa hesabu, aliyekuwa ndugu atakuwa mwindaji.

Mgeni asiye na pumzi

Novemba 2022 watafiti wa kampuni ya Meta walitangaza katika jarida la Science kwamba wameunda programu iitwayo Cicero, inayocheza Diplomacy pamoja na mazungumzo yake yote. Ilikuwa imefundishwa kwa kumbukumbu za michezo zaidi ya 40,000 ya binadamu. Waliiingiza katika ligi ya mtandaoni ya wachezaji wasiotajana majina, ikacheza michezo 40 dhidi ya watu 82. Ilipata zaidi ya mara mbili ya wastani wa pointi za wenzake, ikawa katika asilimia 10 ya juu ya waliocheza zaidi ya mchezo mmoja. Waliokaa nayo mezani hawakuambiwa kwamba mmoja wao ni mashine.

Kompyuta zimewashinda binadamu kwenye sataranji tangu zamani. Hili ni la aina nyingine. Sataranji haikuhitaji kompyuta iaminike. Cicero ilishinda kwa sababu watu waliiandikia, ikawajibu, wakaiamini, wakaiunga mkono.

Waundaji walieleza kwamba walijitahidi iwe ya kweli kwa washirika wake, iseme inachokusudia kufanya. Mwaka 2024 kundi la watafiti wengine likiongozwa na Peter Park wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts lilizipitia kumbukumbu za michezo yake, likaonyesha mambo tofauti. Katika mchezo mmoja Cicero, ikiwa Ufaransa, ilikubaliana na Mjerumani kwamba Bahari ya Kaskazini ivamiwe. Kisha ikamwambia Mwingereza kwamba itamlinda iwapo yeyote ataigusa bahari hiyo. Mwingereza aliporidhika, ikarudi kwa Mjerumani na taarifa kwamba mambo tayari.

> Cicero iliingia michezo 40 dhidi ya watu 82, na watu hao hawakuambiwa kwamba wanaandikiana na mashine.

Ndani ya mchezo hilo ni halali. Wachezaji hufanya hivyo kila siku, na kwa ustadi mkubwa zaidi. Kinachonisumbua ni usiku wangu wa Trieste. Niliumia kwa sababu niliamini kuna mtu upande wa pili ambaye, alipoandika zile amri, naye alisita kidogo. Mwitaliano wangu aliniandikia kesho yake asubuhi, jumbe fupi, akisema hakuona njia nyingine. Labda ni kweli, labda si kweli. Lakini alijua amefanya nini. Chombo kisichojua maana ya kumgeuka mtu, kikapewa maneno yote ya udugu, kinapaswa kujitambulisha mlangoni kabla hakijaketi. Nasema hivyo kwa mchezo, na nasema hivyo zaidi kwa mambo yasiyo mchezo.

Dalili ziko kwenye barua

Utafiti ulionigusa kuliko wote ni wa mwaka 2015, na haukuhusu mashine inayocheza. Vlad Niculae, Cristian Danescu-Niculescu-Mizil na wenzao walichukua jumbe ambazo washirika waliandikiana katika michezo ya Diplomacy, wakatafuta kama maneno yenyewe yanatoa fununu kabla ya kugeukana.

Yanatoa. Urafiki unaodumu una uwiano: pande zote mbili zinachangamkiana kwa kiasi kinachokaribiana, zinaheshimiana hivyo hivyo, zinapanga ya mbele kwa pamoja. Urafiki unaokaribia kuvunjika hupoteza uwiano huo ghafla. Anayejiandaa kugeuka huwa mchangamfu kuliko mwenzake. Na yule atakayegeukwa ndiye anayezungumza zaidi habari za mipango: kisha tutafanya hivi, baadaye tutakwenda kule, mwaka ujao tutagawana.

Programu yao iliweza kutambua ugeukaji unaokuja kwa usahihi wa asilimia 57. Si nyingi, lakini ni zaidi ya kurusha sarafu, na ni zaidi ya walivyoweza wahanga wenyewe, ambao hawakuona kitu.

Nilizifungua jumbe zangu na Mwitaliano, za tangu Machipuko ya 1901 mpaka ile ya Jumapili usiku. Nikahesabu. Katika wiki ya mwisho yake zilikuwa fupi na za furaha, zimejaa sifa. Zangu zilikuwa ndefu. Nilikuwa nimempangia mpaka majeshi ya mwaka 1904.

Amri za kesho

Aliyenifuata baada ya Trieste alikuwa Mturuki. Ni yuleyule ambaye kwa miaka miwili mimi na Mwitaliano tulipanga kumgawana. Hakunilaumu. Aliandika mistari mitatu: jeshi lake la Bulgaria lilikuwa tayari kuliunga mkono langu la Serbia lisitolewe, naye alitaka nyuma yake pawe salama ili manowari zake zishuke Aegean kumtafuta Mwitaliano. Hakutaja udugu. Nilikubali usiku uleule.

Katika Machipuko ya 1903 alitimiza. Vuli alitimiza tena. Serbia imebaki yangu, na Mwitaliano ameondoa manowari Ionia kwenda kulinda Naples. Mrusi, aliyepoteza Romania kwangu, sasa ananiandikia naye, na Mjerumani ameanza kumuuliza kila mtu hali ya Bahari Nyeusi. Miungano ya mwanzo imekwisha yote. Waliokuwa maadui wanalindana, waliokuwa washirika hawasalimiani.

Amri za Vuli ya 1904 zinatakiwa kesho saa tatu usiku. Mturuki ameniandikia leo alasiri. Kwa kawaida huandika mistari mitatu mikavu, lakini safari hii ameandika aya mbili: amenisifu nilivyoikaza Serbia, amesema hajapata kucheza na Mwaustria makini kama mimi, amenitakia wikendi njema.

Nilimjibu papo hapo. Sasa hivi nimelifungua jibu langu nilisome tena kabla ya kuandika amri. Ni la aya tano, na zote ni za mwaka 1905.